Wacheni Kuabudu Rangi ya Waya

Nitasema, na wa kukasirika akasirike: wengi wenu mnaotumia LabVIEW hamjui ni objekti gani inapita kwa waya zenu. Mnaona rangi, mnakisia.

Kila wiki kuna mtu kwa inboksi yangu. "Buda, programu inaenda poa lakini sensa inasoma sufuri." Anatuma skrinshoti. Mchoro msafi, hakuna waya iliyokatika, mshale wa kuendeshea ni mzima. Namuuliza, umeweka probu? Kimya. Halafu anasema eti ashabadilisha sensa mara mbili. Na pesa ya mfukoni!

Sikizeni. Rangi inaonyesha klasi uliyotangaza ukichora, basi. Waya ya klasi Sensa inaweza kubeba Sensa yenyewe ama mtoto wake yeyote: SensaJoto, SensaUnyevu. Metodi ya nani itaitwa? Hiyo LabVIEW inaamua programu ikiwa inakimbia, kwa kuangalia objekti iliyo ndani. Kukodolea mchoro macho mpaka asubuhi hakutakusaidia.

Hii kitu ilinichoma mwaka wa tatu, kabla niache chuo. Kwa keisi moja sikuunganisha waya ya kutoka, nikaiambia itumie thamani ya kawaida. Sasa, thamani ya kawaida ya waya ya Sensa ni Sensa mwenyewe, mzazi, mtupu. Soma yake ilikuwa inarudisha sufuri tu. Hakuna eror, hakuna onyo. Nikasimama mbele ya jopo na sufuri zangu, mhadhiri akaniambia, "Angalia waya zako." Si nilikuwa nimeziangalia usiku tatu! Zote zilikuwa na rangi sahihi.

Hapo ndipo ugomvi wangu uko. Semesta nzima ni Mnyama, Mbwa, Paka, na mishale ya urithi ubaoni. Hata siku moja hakuna aliyetuonyesha kubonyeza waya na kitufe cha kulia na kuchagua probu, dirisha likuandikie jina la klasi iliyo pale saa hiyo. Na klasi ziko LabVIEW tangu toleo la 8.20, mwaka wa 2006. Si jambo la jana.

Kuna wa kusema, "Mimi huwasha ile balbu." Balbu inakuonyesha data imepitia wapi, tena inafanya programu itambae kama konokono. Na nyinyi mnaolazimisha mzazi ageuzwe mtoto, mkipata eror 1448 mnaificha: hiyo ni LabVIEW inakwambia objekti si ile unadhani. Mbona unaiziba mdomo?

Washa kile kitufe cha kuhifadhi thamani za waya kabla ya kuendesha, ndio probu ikuonyeshe kilichopita hata programu ikishaisha.

Kuanzia leo, ukinitumia skrinshoti ya mchoro, tuma na ya probu. Bila hiyo sijibu.