Umehamia TV ya intaneti, bibi umemuaga?

Mimi huku Nguvumali, Tanga, sijambo. Joto tu ndilo linalotuandama, lakini jioni upepo wa bahari ukianza kupuliza tunasahau yote. Leo nina mada ambayo imezusha kasheshe katika nyumba nyingi za mjini. Si mapenzi, ingawa na yenyewe huvunja mapenzi. Nawazungumzia nyie vijana mnaohama televisheni.

Pita kijiwe chochote cha hapa kwetu utawasikia. Mmoja anasema dishi ni la wazee. Mwingine anasema yeye siku hizi anaangalia kila kitu kwa intaneti, king'amuzi amekiweka uvunguni kinalala na viatu. Wa tatu kahama mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila akihama anapiga chafya ya sifa kama kanunua gari.

Sina ugomvi na kuhama. Pesa ni yako, macho ni yako. Ubaya ni namna mnavyohama. Mnahama ghafla, usiku usiku, kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba na kodi ya miezi mitatu. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, nyie mnaacha mbachao kabla hata msala wenyewe haujapita!

Watu wa Tanga kuhamishwa TV si jambo geni kwetu. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na sisi pamoja na Dodoma tukafuatia tarehe 31 Januari 2013. Asiyekuwa na king'amuzi siku ile aliangalia chenga. Desemba ya mwaka huo huo Azam TV ikaingia sokoni. Kisha mwaka 2018 TCRA ikazitaka kampuni za dishi, DStv, Azam na Zuku, ziondoe chaneli za ndani za bure, na nyumba nyingi zikaongeza king'amuzi cha pili cha antena ili ziendelee kupata habari za nyumbani. Ndiyo maana mpaka leo ukiingia sebule za watu utakuta vidude viwili vitatu vimepangwa kama sufuria, na rimoti nne ambazo hakuna anayejua ipi ya nini.

Sasa imekuja hii ya intaneti. Netflix ilipofungua milango kwa nchi zaidi ya 130 kwa mpigo Januari 2016, Tanzania ilikuwamo. Kampuni za ving'amuzi nazo hazikulala. Azam wana AzamTV Max, StarTimes wana StarTimes ON, DStv wana programu yao. Unalipa kwa simu, unaangalia kwa simu, au unairusha kwenye TV kubwa.

Na kuna raha yake, tusidanganyane. Ukihama kutoka dishi hadi dishi lazima umwite fundi. Tembea hapa mtaani uangalie juu ya mabati. Dishi la DStv kwa huku kwetu hulala chali karibu linaangalia utosini, kwa sababu setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki, na sisi tuko nyuzi 39. Dishi la Azam linaegemea magharibi, upande wa Muheza, kwa sababu yao iko nyuzi 7. Dishi dogo moja haliwezi kuangalia kote kuwili, hivyo ukihama fundi apande juu, akulipishe, na akishuka amekuvunjia bati. Intaneti haina fundi wala ngazi.

Sasa nisikilizeni kisa.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi kijana mmoja na bibi yake, mzaa mama. Kijana ana kazi yake mjini na ndiye anayelipa kila kitu, Luku, maji, king'amuzi. Kijana safi, hana makuu. Mwezi uliopita kifurushi cha king'amuzi kilipokwisha hakukilipia. Akanunua kile kidude cha kuchomeka nyuma ya TV, akakipa intaneti kutoka kwenye simu yake, akalipia programu mbili za picha. Jioni ile nyumba ilikuwa bomba. Picha safi, sinema za kumwaga.

Asubuhi akaenda kazini. Na simu yake mfukoni.

Siku nne baadaye nikamkuta bibi amekaa barazani saa moja ya usiku, mtandio kichwani, anangoja mtu wa kumvusha barabara. Nikamwamkia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mbona nje saa hizi? Tamthilia yako si inaanza?”

Akacheka kidogo. “TV yetu imekufa. Mjukuu wangu anasema haijafa, ila roho yake anaibeba yeye mfukoni, anatoka nayo asubuhi anarudi nayo usiku.”

Akaniambia anakwenda kuangalia kwa jirani ng'ambo ya barabara, lakini leo miguu mizito. “Nimekwenda siku tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya nne, mimi jembe nitaliweza?”

Nikamuuliza kwa nini hamwambii mjukuu wake. Akanijibu polepole, “Anayelipa ni yeye. Mimi niseme nini?”

Wasomaji wangu, neno lile lilinikaa kifuani. Mwanamke aliyemlea mtoto wa mwanawe, aliyemlisha bada na kisamvu mpaka akawa mtu, anaona hana haki ya kusema TV imezimwa. Na usifikiri bibi anapenda upuuzi. Kutwa nzima yuko peke yake. Ile sauti ya TV ndiyo inayomsemesha. Anajua habari za nchi kuliko mimi. Na tamthilia za nje zilizotiwa Kiswahili kazianza siku nyingi, toka TBC walipoonyesha ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake mwaka 2011. Ukimkatia, humkatii picha, unamkatia watu wa kukaa nao.

Kijana nilipomweleza alinyamaza muda mrefu. Hakujua. Aliona tu nyumba ina utulivu. Na yeye mwenyewe raha haikuwa kamili. Siku ya mpira, kibanda umiza cha nyuma ya nyumba yao kinatumia dishi. Picha ya intaneti huchelewa nyuma ya ile ya dishi, pengine nusu dakika au zaidi. Basi yeye bado anaona mpira uko katikati ya uwanja, wenzake nyuma wameshapiga kelele “Goooli!” Raha gani hiyo?

Tukakaa barazani na karatasi tukapiga hesabu. Bibi: taarifa ya habari saa 2 usiku, tamthilia, mawaidha. Kijana: mpira na sinema. Hakuna kitu hata kimoja kilichogongana! Kifurushi kikubwa cha zamani alikuwa anakilipia kwa ajili ya mpira, bibi hata nusu ya chaneli zile hajawahi kuzifungua. King'amuzi kikarudi mezani, kikalipiwa kifurushi cha chini kabisa kwa ajili ya bibi, mwaka mzima. Intaneti ikabaki ya kijana, analipia programu moja tu kwa wakati mmoja, mwezi wa sinema hii, mwezi wa mpira ile. Jumla ikashuka chini ya alichokuwa akilipa mwanzo.

Kwa hiyo nyie mnaotaka kuhama, haya hapa ya kwangu.

Kwanza, kwa wiki moja andika nani nyumbani anaangalia nini na saa ngapi. Andika, usikisie. Hakuna kidude chenye kila kitu. Ligi Kuu yetu iko Azam kwa mkataba wa miaka 10 waliotia saini na TFF mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6. Ligi ya Uingereza kwa miaka mingi imekuwa SuperSport, yaani DStv. Ukihama bila kujua hilo, Jumamosi utajikuta unapiga hodi kwa watu.

Pili, usisubiri cha zamani kife ndipo uanze kipya. Anza kipya kifurushi cha zamani kikiwa kimebakiza siku saba. Jaribu usiku, kati ya saa 1 na saa 4, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Mchana mtandao ni mwepesi, kila kitu kinaonekana swafi. Mtihani ni usiku. Netflix wenyewe wanasema picha nzuri ya HD inahitaji kasi ya megabiti 3 hadi 5 kwa sekunde. Kama usiku hufiki hapo, bibi ataangalia kile kiduara kinachozunguka.

Tatu, piga hesabu ya bando. Kwa maelezo ya hao hao Netflix, picha ya kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na HD hadi GB 3. Mtu anayeangalia saa 5 kwa siku, kwa picha ya kawaida, anafika GB 150 kwa mwezi. Kwa bando la simu hapo umeshanunua kiwanja Kange. Kama mtaa wako umefikiwa na faiba ya malipo ya mwezi, maneno mengine. Kama hujafikiwa, intaneti iwe ya baadhi ya vipindi, isiwe ya kutwa. Na ndani ya programu nyingi kuna sehemu ya kushusha ubora wa picha. Kwenye kioo cha simu huwezi hata kuona tofauti.

Nne, na hili wengi linawapiga chenga. King'amuzi usipokilipia kinalala chenyewe, hakikudai. Programu iliyofungwa kwenye kadi ni kinyume chake: usipoifuta inaendelea kukata kila mwezi, uangalie usiangalie. Na kuifuta kwenye simu si kuifuta. Umetoa picha yake tu, mkataba bado upo! Ingia kwenye akaunti yako, tafuta palipoandikwa kusitisha, usitishe, kisha ngoja ujumbe wa kuthibitisha. Huduma nyingi ukisitisha zinakuacha uendelee kuangalia mpaka siku ulizolipia ziishe, kwa hiyo sitisha mapema, huna cha kupoteza.

Tano, ulizia ni vioo vingapi vinaweza kuangalia kwa pamoja. Yale mambo ya kumpa neno la siri mshikaji wa Chumbageni na binamu wa Muheza yalibanwa mwaka 2023 Netflix walipoanza kudai kila nyumba ilipe ya kwake. Usihame ukitegemea akaunti ya rafiki. Mkigombana, na TV imezimika.

Sita, intaneti ya nyumba ibaki nyumbani. Kama nyumba ina mtu anayeshinda ndani, mama, bibi, mgonjwa, mtoto, usiifunge TV kwenye simu yako. Nunua kifaa cha waifai kikae mezani na laini yake, au acha king'amuzi. Na mwenye kubaki nyumbani mfundishe, taratibu, mara tatu, bila kufoka. Mwandikie kwenye karatasi: bonyeza hapa, kisha hapa. Kama ni vigumu kwake kuwasha, basi kwake yeye hiyo TV haipo.

Saba, king'amuzi cha zamani usikiuze wiki ya kwanza. Kiweke miezi mitatu. Wako wengi waliouza kwa bei ya kutupa wakanunua kingine dukani kabla ya Ramadhani haijaandama.

Wengine mtaniambia kaka mwandishi, yote haya kwa ajili ya TV? Ndiyo. Kwa sababu kwenye nyumba zetu TV haiangaliwi na anayelipa peke yake. Wewe unayelipa unashinda kazini, unarudi saa 3 usiku umechoka, unaangalia dakika arobaini unasinzia. Anayeangalia kweli ni yule asiyelipa, na asiyelipa mara nyingi hasemi. Atakuambia “sawa mwanangu,” kisha atachukua mtandio wake atoke barazani.

Basi leo jioni kabla hujabonyeza popote, kaa naye kwenye mkeka umuulize: wewe unaangalia nini, na saa ngapi? Halafu nyamaza umsikilize. Akisema chochote ni sawa, ujue bado hujauliza vizuri. Uliza tena.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaonana hapa hapa na habari za wapangaji wanaogombania Luku moja. Hiyo nayo ni kasheshe ya peke yake. Chao!