MAFUTA YA OMAN, JUA LA OMAN: NI NEEMA YA NANI?



Shukrani zote ni za Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu yetu na yanasemwa kwa jina la dini. Yanasema kwamba Oman na nchi nyingine za Ghuba zinapojenga mitambo ya umeme wa jua na upepo, zinafuata njama ya Wazungu ya kuwavua Waislamu neema waliyopewa na Mola wao. Wengine wanaongeza kuwa kuyaacha mafuta ni kukufuru neema. Wengi wetu tuna jamaa Maskati, Sohar na Salala, kwa hiyo maneno haya yanatugusa, na wapo wanaoyapokea kama fatwa. Tuyapime basi kwa elimu, tuache ushabiki.

KWANZA: NEEMA NI IPI?

Oman ilisafirisha mafuta yake ya kwanza mwaka 1967. Kabla ya hapo watu waliishi kwa tende, samaki, mifugo na safari za baharini, zikiwemo hizo zilizowaleta babu zao kwenye pwani yetu. Baada ya 1970 fedha za mafuta zilijenga barabara, hospitali na shule ambazo nchi haikuwa nazo. Hakuna mwenye insafu anayekataa hilo. Ilikuwa neema kubwa, alhamdulillah.

Lakini anayesema neema ni mafuta peke yake, asome tena Suratun Nahl. Humo Allah (s.w.t.) anatuhesabia usiku, mchana, jua, mwezi na nyota katika vile alivyotutiishia. Jua linawaka juu ya jangwa la Oman tangu dunia ilipoumbwa. Vipi kutumia neema moja kuwe ni kuikufuru nyingine? Aliyekuwa na kisima, kisha akakinga na maji ya mvua, utamwambia amekikufuru kisima?

PILI: "NI NJAMA YA WAZUNGU"

Hapa kuna ukweli ndani yake na lazima tuuseme. Nchi za Ulaya na Marekani zilichoma makaa ya mawe na mafuta vizazi na vizazi, zikatajirika, na leo zinatoa mawaidha kwa wengine. Hiyo ni dhulma, na mwenye kuisema hajakosea.

Ila dhulma ya jirani haiizuii nyumba yako kuungua. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulio kusini mashariki ya Maskati, saa 24 zilipita bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Maana yake hata saa ya tahajudi joto lilikuwa hapo. Mwaka 2007 kimbunga Gonu kiliipiga pwani ya Oman, na Oktoba 2021 kikaja Shaheen. Joto na mafuriko hayakuuliza nani Muislamu na nani si Muislamu.

Tazama pia soko. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Bei hiyo haikupangwa Maskati. Dola yenye kutegemea mafuta kwa zaidi ya nusu ya mapato yake ikajikuta inakopa, inapunguza ruzuku, na Aprili 2021 ikaanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Mwezi uliofuata vijana wa Sohar walikuwa barabarani wakidai kazi. Sasa niambie wewe unayeogopa njama: ni utumwa gani mkubwa kuliko riziki ya mtoto wako kuamuliwa na bei anayoipanga mtu wa mbali?

TATU: DINI IMESEMA NINI KUHUSU MALI YA ARDHINI

Wakati wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), Waislamu waliifungua ardhi ya Sawad huko Iraq, ardhi yenye rutuba kubwa. Baadhi ya masahaba, na wao ni bora kuliko sisi, walitaka igawiwe kwa wapiganaji waliokuwepo. Umar alikataa. Alijiuliza: wakija Waislamu wa baadaye, watakuta nini? Akasimama juu ya aya za Suratul Hashr, pale zinapowataja Muhajirina, Ansari na kisha wale watakaokuja baada yao. Ardhi ikabaki kwa wenyeji wakilipa kharaji, na faida yake ikaingia Baytul Mal kwa ajili ya waliopo na ambao hawajazaliwa.

Hii ndiyo hoja yangu yote leo. Mafuta ni Sawad ya zama zetu. Oman inatoa takriban mapipa milioni moja kwa siku, na kila pipa linalotoka halirudi. Kizazi kinachokula chote, kisha kikamwachia mjukuu shimo tupu na hewa ya moto, hakijashukuru neema, kimeila amana. Nabii Yusuf (a.s.) aliona miaka saba ya neema, akaamrisha watu wale kidogo na waweke akiba kwa ajili ya miaka ya shida. Hakuna aliyemwambia anakufuru neema ya ngano.

NNE: NA WENYE MADARAKA NAO WASIJISAHAU

Msidhani nimekuja kuwapigia makofi watawala. Oman imeahidi kufikia mwaka 2050 iwe haiongezi hewa chafu, na kwamba mwaka 2030 asilimia 30 ya umeme wake utokane na jua na upepo. Mwaka 2019 ilifungua mitambo ya upepo ya megawati 50 Dhofar. Januari 2022 ikazindua kituo cha jua cha Ibri cha megawati 500. Hayo ni mazuri.

Lakini huko Amal, kusini, walijenga vioo vya kukusanya jua ili kuchemsha maji, na mvuke wake ukasukumwa ardhini kuyalainisha mafuta mazito yatoke. Kweli, inaokoa gesi iliyokuwa ikichomwa kwa kazi hiyo. Lakini kutumia jua ili utoe mafuta zaidi hakuitwi kuyaacha mafuta. Tusipambwe na picha.

Na kuna hatari kubwa zaidi. Oman inataka kuzalisha tani milioni moja za haidrojeni kwa mwaka ifikapo 2030, kwa kutenganisha maji kwa umeme wa jua na upepo, na sehemu kubwa iuzwe ng'ambo. Jangwa linakatwa vitalu, makampuni ya kigeni yanapewa mikataba ya miongo mingi. Hapo tuikumbuke hukumu ya Mtume (s.a.w.). Abyad bin Hammal (r.a.) aliomba apewe chumvi ya Ma'rib huko Yemen, akapewa. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, watu wote huitumia, aliirudisha. Na ametufundisha kuwa maji, malisho na moto watu wanashirikiana ndani yake. Moto ndiyo nishati ya leo! Ikiwa jua la Waomani litawasha viwanda vya mbali, na kijana wa Sohar abaki bila kazi, basi kilichobadilika ni chanzo tu, dhulma ni ile ile.

Nao Waomani hawahitaji kufundishwa haki hii na mtu wa nje. Wana aflaji, mifereji inayoleta maji kutoka milimani, zaidi ya 3,000 ikifanya kazi mpaka leo. Maji ya kunywa hutangulia, mashamba hufuata, na zamu ya kila mtu ilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mababu walilitumia jua kugawa haki ya maji. Wajukuu wanashindwaje kugawa haki ya jua lenyewe?

MWISHO

Ewe unayesambaza kwamba sola ni njama, muogope Allah. Unawafundisha watu kuwa uvivu wa kufikiri ni uchamungu. Hata sisi huku bomba la mafuta la kilomita 1,443 linatoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Tuulize mapema swali la Umar: wakija wa baadaye, watakuta nini? Kesho mbele ya Mola tutaulizwa mali tuliitoa wapi na tuliitumia katika nini.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema Zako kwa vitendo, na usitujaalie tuwe wenye kula haki za watoto wetu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Mfikishie na mwenzako, huenda naye ameupata ule ujumbe.