Daktari, Isome Kalenda ya Mgonjwa Wako

Kumwambia mwanamke kwamba matone ya damu yatokayo kati ya hedhi na hedhi ni jambo dogo huonekana kuwa faraja. Kwa mke wa Kiyahudi anayeshika sheria ya dini yake, matone hayo yaweza kuwa majuma ya kutengana na mumewe. Naamini daktari asiyelijua hilo hutibu nusu ya tatizo.

Msingi wa sheria hiyo umo katika Mambo ya Walawi, sura ya 15. Mwanamke huandika tarehe ya kila hedhi, na kama ilianza mchana au usiku. Ikirudi mara tatu kwa utaratibu mmoja, huwa na wakati maalumu. Isipokuwa na mpangilio, huchunga nyakati tatu: tarehe ileile ya mwezi wa Kiebrania, idadi ya siku zilizotenganisha hedhi mbili za mwisho, na siku ya 30. Nyakati hizo wanandoa hujizuia, naye hujichunguza. Damu ikitoka, hungoja ikome, huhesabu siku 7 safi, kisha huzama katika birika la tohara.

Sasa tuhesabu. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 24, akitokwa na damu siku 6, hutoharika usiku unaofuata siku ya 13. Lakini yai lake huenda limepevuka siku ya 10. Wanandoa hao wanaweza kufika kliniki wakidhani ni tasa, ilhali wote wawili ni wazima.

Basi tuombe kuiona kalenda kabla ya kuagiza vipimo. Tutafute chanzo cha hedhi isiyotabirika: kunyonyesha, tezi ya shingo, ovari, au kukaribia kwa ukomo wa hedhi. Kabla ya kuandika dawa ya uzazi wa mpango, tuseme wazi kama huleta matone. Tena tueleze damu imetoka wapi, kwani marabi huipa damu ya jeraha hukumu tofauti na ile ya mfuko wa uzazi. Hukumu yenyewe tumwachie rabi.

Wenzetu Waislamu, wanaotofautisha hedhi na istihadha, wanaijua haja hii. Nanyi akina mama, msione haya kutuletea daftari la tarehe zenu. Mzunguko ulio chini ya siku 24 au unaozidi 38 unastahili kuchunguzwa, na daftari hilo ndilo shahidi wa kwanza.