Kinu cha Maji cha Cades Cove
Katika bonde la Cades Cove, jimboni Tennessee, Marekani, kingalipo kinu cha kusagia mahindi alichokijenga John P. Cable yapata mwaka 1870, ambacho gurudumu lake la mbao huzungushwa na maji yaliangukiayo kutoka juu. Na kwa kuwa kijito kimoja hakikutosheleza haja, Cable aliyachepusha maji ya kijito cha pili, kazi ninayoistaajabia kuliko kinu chenyewe. Fauka ya hayo alikuwa mkulima, kwa hiyo iliwekwa kengele kubwa, ili mteja aliyewasili na mahindi yake aigonge, naye Cable aache jembe shambani aje amsagie. Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, ambayo ndiyo mlezi wa kinu hicho sasa, haikukifanya pambo la kutazamwa tu, bali hukisagisha, na unga wake huuzwa, nayo yastahili shukrani zetu.