Kabla Uweke Amplifaya Kwa Nduthi, Soma Fyuzi Kwanza

Wasee, tuongee kuhusu hizi video za Harley zenye mnatumiana kila siku. Street Glide imeegeshwa mahali huko Marekani, jamaa anafungua feringi, lile ganda la mbele lenye linabeba kioo cha upepo, na ndani kuna amplifaya ya chaneli nne imelala nyuma ya redio, waya zimefungwa safi. Anawasha, kioo kinatetemeka. Alafu msee wa Nairobi anaona hiyo, anashuka tao, ananunua boksi imeandikwa 1000W, na jioni fundi ameshaifunga kwa Boxer.

Mimi sina shida na ngoma kwa nduthi. Kusema ukweli naipenda. Mji wenye nganya zake ni klabu zenye magurudumu hauwezi kumwambia mtu wa boda akae kimya. Shida yangu ni hiyo namba, na venye tunaiga video bila kuiga hesabu yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wati ni volti mara ampea. Nduthi yako ni volti 12, kwa hivyo wati 1000 zinataka ampea 83, na hapo hatujagusa zenye zinapotea kama joto. Harley ya safari ndefu ina mfumo wa kuchaji wa ampea 50 hivi, na hata na hizo zote, wenyewe wakitaka kelele kubwa wanajipanga kwanza na betri ya nguvu na waya nene. Nduthi ya 150cc kwa kawaida inazalisha wati mia na kitu tu. Taa ya mbele pekee inakula kama 35. Toa taa ya nyuma, indiketa, na moto wa plagi. Na hiyo ni injini ikizunguka vizuri. Ukikwama kwa jamu ya Jogoo Road injini ikinguruma chini chini, hata hizo wati zinashuka.

Sasa hizo 1000 zinatoka wapi? Hazitoki mahali. Geuza boksi uangalie fyuzi yake. Ikiwa ni ya 15, hiyo amplifaya haiwezi kuvuta zaidi ya ampea 15 kwa muda mrefu, yaani zinaingia wati 180. Kama ni ile aina ya kitambo, klasi AB, karibu nusu inageuka joto, na spika zinapata kama 90. Tisini, buda. Zile zingine 910 ni wino kwa stika.

Ndiyo maana wale wa Harley wanapenda klasi D. Ni ndogo, na inapeleka asilimia 80 na kitu ya umeme hadi kwa spika badala ya kuchoma nyama. Ndani ya feringi hakuna nafasi na hewa haizunguki sana, kwa hivyo amplifaya yenye inachemka hapo inajizima tu katikati ya wimbo. Kwa nduthi yenye umeme wa kuhesabu, klasi D ya wati 20 za ukweli kila upande itakufaa kuliko hiyo boksi ya kutisha.

Na doh yenye imebaki, weka kwa spika. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na sikio halishtuki. Ndio isikike mara mbili unahitaji wati karibu mara kumi! Lakini ukitoka kwa spika ya desibeli 87 kwa wati moja uende kwa ya 93, ni kama umezidisha wati mara nne, na betri haijui chochote. Uliza hiyo namba dukani. Muuzaji akicheka, jua hajawahi kuulizwa.

Kitu chenye kinaniudhi sana ni waya. Nimeona fundi akichuna waya wa taa ya mbele, anaunganisha amplifaya hapo, anaficha na selotepu, anapitisha chini ya tenki. Nduthi inatetemeka siku nzima. Plastiki ya waya inasuguliwa na chesisi mpaka shaba inagusa chuma, na betri inamwaga nguvu yake yote hapo, petroli ikiwa juu yake. Alafu anakwambia usijali, amplifaya iko na fyuzi. Hiyo fyuzi iko upande wa pili! Ya kulinda waya inakaa karibu na betri, kabla waya haujaanza safari. Bei yake haifiki hata ya kujaza tenki.

Tena usining'inize boksi kwa handebari. Street Glide inabeba feringi yake kwa foki, lakini hiyo ni pikipiki kubwa na ilichorwa hivyo. Kwa Boxer, kila kona unavuta uzito na unavuta waya.

Mtu ataniambia hizi ni story za watu wenye pesa. Ni kinyume. Mwenye Harley betri ikifa anaiacha nyumbani anaingia kwa gari. Wa boda betri ikifa saa kumi na moja asubuhi, wateja wameenda na mwingine, na mkopo wa nduthi unangoja pesa ya leo leo.

Fundi akisema fyuzi ya betri si lazima, mpe ya chai, uchukue nduthi yako uende kwa mwingine.