Neno la Siri Lisilindwe na Daftari la Dukani

Serikali ilifanya jambo jema kuhamishia huduma zake kwenye mtandao, na hilo hatulibishi. Maombi ya kazi, mikopo ya wanafunzi, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa na malipo ya ada za namna nyingi, mambo yaliyokuwa yakimlazimu mwananchi kupanga foleni mjini, siku hizi hupitia kwenye kompyuta au simu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliyapa mabadiliko hayo nguvu.

Lakini tungependa viongozi wanaohusika watazame mambo yanavyokwenda mahali kama Dutwa, wilayani Bariadi. Mkulima wa pamba wa huko haioni tovuti. Anachokiona ni duka la steshenari, lenye kompyuta, mashine ya kuchapa na kijana nyuma ya meza. Kwa hakika kijana huyo ndiye Serikali Mtandao. Humfungulia mteja akaunti, humtungia anwani ya barua pepe, humchagulia neno la siri na kuliandika katika daftari lake. Mteja asipokuwa na simu, kijana huandika namba yake mwenyewe.

Hatumlaumu. Bila yeye watoto wengi wa wakulima wasingalifika chuoni. Ila akifunga duka na kuhamia Mwanza, huondoka na funguo za watu. Ujumbe wa kumtaka mwombaji arekebishe dosari katika maombi yake huingia katika simu isiyo yake, muda wa mwisho hupita, na mzazi huambiwa kwamba mwanawe alizembea. Daftari nalo, lenye majina na namba za vitambulisho vya taifa, halijulikani liko wapi. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Je, ulinzi huo unafika mpaka kwenye meza ya steshenari?

Tuchukue fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Mwombaji huijaza kwenye mtandao, kisha huichapa, huipeleka kwa mdhamini, kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa kamishna wa viapo ili itiwe saini na mihuri, halafu kurasa hizo hupigwa picha na kurudishwa kwenye mtandao. Karatasi, basi, haijaondoka, imeongezewa nauli.

Ndugu zetu wa visiwani wanalielewa hili kuliko sisi wa bara. Mkazi wa Ukara anayekosa huduma hiyo karibu naye huvuka maji hadi Bugolora, kisha hushika barabara ya Nansio, na mtandao ukikatika siku hiyo hulala huko au hurudi mikono mitupu. Akifika nyumbani na kugundua kwamba tarakimu moja imekosewa, safari huanza upya.

Kwa maoni yetu, dawa haiko mbali. Kila kata ina ofisi na mtendaji wake. Halmashauri ziweke hapo kompyuta yenye mtandao, na mtumishi mmoja apewe kazi hiyo kwa siku zinazojulikana, bila malipo kwa mwananchi. Mwombaji achague mwenyewe neno lake la siri na aondoke nalo. Aliyepoteza namba ya simu aweze kuibadilisha papo hapo kwa kuonyesha kitambulisho chake, badala ya kuelekezwa kupiga simu Dar es Salaam. Tena wale wanaobuni mifumo hiyo wangefanya vema kukaa siku moja tu katika duka la steshenari la Dutwa, kabla ya kutengeneza mfumo mwingine.

Maombi ya mikopo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati wakulima wakiwa katika mauzo ya pamba. Halmashauri zinao muda wa kuandaa meza hizo kabla dirisha lijalo halijafunguliwa.