Nani Atalifukia Shimo?

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954. Mawe ya matumbawe yakachimbwa, na nyuma yake yakabaki mashimo mapana, meupe, yasiyo na udongo wala kivuli.

Mwaka 1971 bwana shamba wa kampuni hiyo, Mswisi René Haller, alianza kupanda miti mle. Alijaribu aina 26, na nyingi zilikufa. Mvinje ndio uliostahimili. Hata hivyo majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Basi wakaletwa majongoo (ndio, majongoo hao hao ambao watoto huwachokoza kwa vijiti), wakayala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale pana msitu, mabwawa ya samaki na wanyama, na wageni hulipa kiingilio.

Tumezoea kumsifu Haller, na anastahili. Lakini Haller alikuwa mwajiriwa. Palikuwa na wakuu waliokubali kulipa mishahara ya wapanda miti wakati miti ilipokuwa ikifa, wala hawakuona faida yoyote katika vitabu vyao. Uamuzi huo wa ofisini ndio ninaouona kuwa mfano kwa wenye biashara. Pia ulichelewa miaka 17, jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka.

Wakurugenzi wengi hutoa madawati mwishoni mwa mwaka, wakapigwa picha, wakayaita hayo maendeleo. Kuiponya ardhi uliyoijeruhi si sadaka. Ni gharama ya kazi, kama dizeli na mishahara, na meneja mwaminifu huiandika katika bajeti kabla jiwe la kwanza halijang'olewa.

Nchini Kenya sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka mradi wa machimbo ufanyiwe tathmini kwanza, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mara ngapi sisi viongozi wa walei tumehudhuria mikutano hiyo tukaulizia ajira za vijana tu, kisha tukaenda zetu? Mashimo ya kokoto hujaa maji ya mvua, na watoto huzama humo. Mwenye machimbo akija kijijini, tumwulize nani atalifukia shimo, kwa fedha ipi, na kuanzia mwezi gani. Na jibu lake liandikwe katika mkataba kabla lori la kwanza halijapita.